Chumba cha Jenereta

Kaka mtu alifika mchana, funguo za gari la kazini bado zikiwa mkononi, akasimama mlangoni bila kupiga hodi. Dada yake, fundi cherehani, alikuwa amebana pini midomoni na mbele yake amesimama mteja aliyevaa gauni lisilo na mikono bado. Alipomwona ndugu yake amesimama vile, alitoa pini zote, akazichomeka kwenye kijimto chake, kisha akauliza kama mumewe amekufa.

"Hajafa," kaka alisema. "Ghala limevamiwa. Yeye yuko polisi. Jifunge kitu kichwani twende."

Garini alimweleza yaliyojulikana mpaka saa ile. Gari la mizigo lilikuja getini, watu wake wamevaa ovaroli za wasafirishaji wanaofahamika, karatasi zao za kupokelea mzigo zimekamilika. Mlinzi, yaani mumewe, akafungua. Walipofika kwenye mlango wa ghala, mmoja akatoa bastola na wengine mapanga. Wapakizi wakalazwa kifudifudi, betri na matairi mapya yakapakiwa, gari likatoka kwa geti lilelile lililoingilia. King'ora hakikulia. Kitufe chake kilikuwa chini ya meza katika kibanda cha mlinzi, na mlinzi hakukigusa. Polisi walipokuja walimkuta katika chumba cha jenereta nyuma ya kibanda, amejifungia kwa komeo kutoka ndani.

"Peke yake?" dada aliuliza.

Kaka alibadilisha gia kwanza. "Na yule mwanamke wa chai."

Mtaani kwao mlinzi huyo aliitwa Kamanda, yeye na sare yake, maana hakuna aliyewahi kumwona ametoka nyumbani na shati lenye kunyanzi. Mkewe alimpigia pasi kila alfajiri. Sasa alimkuta kwenye benchi la kituo cha polisi, hana mkanda wala kamba za viatu, suruali ameishika kwa mkono. Askari wa zamu alimwamuru mke afunue chakula alicholeta, akamwambia aonje kwanza mbele yake, kisha akamwambia aonje tena upande wa pili wa bakuli. Alionja. Watu waliokuwa wakisubiri kwenye foleni walimtazama akitafuna.

Waliruhusiwa kusemezana kidogo tu. Kamanda hakumwangalia usoni. Alisema kwamba uani kulikuwa na mwanamke, kwamba angebonyeza kitufe wale watu wangemwua, kwamba ilimbidi amwahi yeye kwanza. Alisema maneno hayo haraka, kama mtu anayetaja namba ya simu aliyoikariri.

"Basi umefanya vema," mkewe alisema, na akamkabidhi bakuli.

*

Walimwachia baada ya siku chache, kwa dhamana ya shemeji yake, yule kaka mtu. Hakurudishwa kazini. Kampuni ya ulinzi ilimwambia akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe, na mshahara nao ukae huko huko.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, cherehani ikiwa imewekwa kwenye cha mbele, karibu na dirisha. Mwanamume aliyezoea kuondoka asubuhi na kurudi jioni alikuwa sasa yumo ndani mchana kutwa, na hakujua akae wapi. Wateja wanawake walipokuja kupimwa ilimpasa atoke. Akatoka kwenda kwa kinyozi, lakini siku ya pili alirudi mapema. Kule kwa kinyozi walikuwa wamemwuliza kama chumba cha jenereta kina joto. Mmoja alisema kwamba yeye angelipata kazi kama ile, ya kufungiwa na mwanamke huku mwajiri analipa, asingeomba likizo. Wakacheka mpaka kinyozi akazima mashine.

Kwa mkewe mambo yalikuja kwa njia ya upole, na kwa hiyo yaliuma zaidi. Mteja mmoja, mama wa watu mwenye adabu zake, alisimama akipimwa kiuno, akasema, "Pole, mwaya. Wanaume ni kuwavumilia." Fundi alisoma kipimo, akakiandika, akapima tena kwa sababu alikuwa ameandika namba ya bega mahali pa kiuno.

Hakuwa mwanamke wa wivu. Lakini lisemwalo na watu, usipolijibu, hubaki tumboni. Usiku alilala ubavu mmoja na mchana akamtazama mumewe akinywa chai, akajiuliza yule mwingine huimimina vipi.

Aliyesimama imara nyumbani humo ni binti yao, wa darasa la mwisho la shule ya msingi. Yeye alikuwa ameisikia habari kutoka kwa baba yake mwenyewe na akaichukua nzima. Mwalimu alipowataka wanafunzi wazungumze mbele ya darasa juu ya mtu wanayemheshimu, wenzake walitaja wachezaji mpira na waimbaji. Yeye alimtaja baba yake, aliyeacha kitufe akamfuata mtu. Alirudi jioni akasema darasa lilimpigia makofi. Kamanda aliinama akaanza kufunga kamba za viatu ambavyo hakuwa na pa kuendea navyo.

*

Upepo ulibadilika bila mtu wa nyumba ile kuupuliza. Kampuni ya bima ilileta mkaguzi wake, akapima uzio, akakijaribu kitufe na kukikuta kizima, akahoji watu. Maelezo ya Kamanda aliyaandika kama alivyoyasikia, na mwishoni akaongeza kwamba mlinzi aliweka uhai wa mtu mbele ya mali, jambo ambalo ndilo maana ya ulinzi katika taasisi yoyote. Sentensi hiyo ilimfikia meneja wa ghala. Meneja alikuwa amepata aibu ya wizi mbele ya wakubwa wake, na hapa akaona kitu cha kushika. Akaamuru wiki ya usalama kazini. Kamanda atarudishwa kazini na kupewa hati ya pongezi mbele ya wafanyakazi wote, na picha yake itabandikwa pale getini.

Habari hizo zililetwa na shemeji, ambaye ndiye dereva wa meneja huyo na ndiye aliyemwombea Kamanda kazi tangu mwanzo. Safari hii alipiga hodi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha miguu, akasema kwamba kwa muda mrefu alikuwa akipita korido za ofisi kama aliyemwaga uji, na sasa anasalimiwa.

"Shemeji, umetuinua," alisema. "Wewe siku hiyo usiseme mengi. Shukuru, pokea, kaa."

Binti alitaka kujua kama wanafunzi wanaweza kuruhusiwa kwenda kutazama. Mkewe Kamanda alicheka kwa mara ya kwanza tangu wizi, akauliza hivi hata yule mama wa chai naye atapewa hati.

"Yule?" kaka alisema. "Yule alishafukuzwa. Kanuni inakataza mtu wa jikoni kupita uani wakati gari linapakia mzigo. Yeye akapita na kitoroli chake cha chupa. Ndiye aliyemtoa mlinzi kwenye lindo, kwa hesabu yao. Kwa hiyo huyu anasifiwa kwa kumwokoa na yule anafukuzwa kwa kuokolewa." Akapiga magoti yake kwa kicheko. "Ofisi hizi, mwache tu."

Fundi alimtazama mumewe kuona kama naye anacheka. Hakuwa akicheka. Rangi ilikuwa imemtoka usoni, na mkono wake ulikuwa umekaa mezani, umekunjuka, kama mkono wa mtu mwingine uliosahauliwa pale.

Aliona, na moyo wake ukaenda palepale ulipokuwa umekatazwa kwenda. Akasema kimoyomoyo: anamlilia.

*

Mwanamke wa chai alijulikana ghalani kwa jina la Mama Chupa. Fundi alimpata kwa kuulizauliza, katika safu ya vyumba vya kupanga nyuma ya karakana ya mageti. Alikuwa amejiandaa njiani kwa sura nyingi, na aliyefungua mlango hakuwa hata moja ya hizo. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko yeye, huenda kwa miaka kumi, mwembamba, mwenye mikono mikubwa iliyobabuka kwa maji ya moto. Alimwamkia mgeni kwa heshima, akampa kiti pekee kilichokuwepo, yeye akakalia ndoo.

Fundi alijitambulisha ni mke wa nani.

"Sikuja kwa ugomvi," fundi alisema. "Nataka kujua kulikuwa na nini ndani ya kile chumba. Uniambie tu, nijue ninachokivumilia."

Mama Chupa kidogo acheke, na kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine.

"Dada, kulikuwa na harufu ya dizeli. Na mumeo alikuwa anatetemeka mpaka komeo linagonga. Nilimfumba mdomo kwa huu mkono, meno yasisikike."

Akaeleza. Alikuwa akipita nyuma ya kibanda na kitoroli, si uani. Kupitia dirishani alimwona Kamanda amesimama wima mbele ya meza yake, anatazama nje, na huko nje mmoja wa wale watu amegeuka anakuja kibandani na bastola imeshushwa ubavuni. Akamwita kwa sauti ya chini. Hakusikia. Akaingia, akamgusa, ni kama umegusa mlango. Basi akamshika mkanda wa suruali, akamkokota kama mtu anavyokokota mbuzi mkaidi, akamsukumia kwenye chumba cha jenereta na kulifunga komeo. Yule mtu aliingia kibandani, wakamsikia akizungukazunguka, akang'oa waya wa simu, akatoka.

"Niliwaza nirudi nikibonyeze mimi hicho kitufe," alisema, "lakini sikujua kiko wapi. Sisi wa jikoni hatujawahi kuonyeshwa. Nilijua kipo, basi, kama unavyojua jirani yako ana pesa."

Fundi aliuliza kwa nini hakuyasema hayo polisi.

"Polisi walishamhoji yeye kwanza. Waliponifikia mimi waliniuliza, je, ni kweli mlinzi alikuingiza katika chumba cha jenereta? Nikawaza, nikisema hapana, watamla nyama. Wanamtafuta mshirika wa wezi, na yeye ana familia. Nikasema ndiyo. Neno moja tu. Sikujua kwamba ndiyo yangu ndiyo itakayonifukuza." Akafuta mikono kwenye nguo yake ingawa haikuwa na maji. "Nilikwenda kwa meneja kumwomba. Katibu wake akaniambia nishukuru Mungu niko hai, kuna mtu aliacha lindo lake kwa ajili yangu."

Nje fundi wa mageti alikuwa akikata chuma, na kila alipoanza iliwabidi wasubiri. Mke wa Kamanda alikuwa amekuja na hofu kwamba mumewe alimpenda mwanamke mwingine. Angeweza kuondoka na furaha kwamba si hivyo. Lakini alipotafuta furaha hiyo hakuiona, aliona aibu tu, na aibu yenyewe haikuwa ya mumewe peke yake, maana hata yeye alikuwa ameishi na ile hadithi akailisha, akaipigia pasi.

*

Alimtuma binti dukani, ndipo akamwambia mumewe alikotoka.

Kamanda hakukana. Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akasema kwamba hakukusudia kudanganya. Askari alimwuliza kwa nini hakubonyeza, naye akafungua mdomo bila kujua kitakachotoka, kikatoka hicho: kulikuwa na mwanamke. Ilikuwa kweli, mwanamke alikuwepo. Baadaye kila aliyeuliza aliliongezea jambo, na yeye akaliacha liongezeke.

"Mke wangu, mimi nimefunzwa kupiga saluti. Nimefunzwa kukagua buti za magari na kuandika namba. Hakuna siku waliyosema leo tujifanye wezi wamekuja, tuone. Nilikuwa nakitazama kitufe. Niliutuma mkono. Haukwenda."

Mkewe alisema kwamba kuogopa bastola si dhambi, na kama angeganda mbele yake yeye na binti asingemhukumu. Lakini kuna mtu sasa anakalia ndoo.

"Nikisema, nimejifukuza. Na shemeji je? Na huyu mtoto, aliyenisimulia darasani?"

"Mimi sikusemei. Wala sitakuambia ufanye nini. Ila picha yako wakiibandika pale getini, mimi siwezi kupita njia ile."

Kumbe kaka yake naye aliambiwa, na Kamanda mwenyewe, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumwambia anyamaze. Alimpata. Shemeji alikuja akafunga mlango nyuma yake, akasema kwa sauti ya kubembeleza kwamba yule mwanamke atapata kazi nyingine, chai inanywewa kila mahali. Alisema ukweli una wakati wake, na wakati wa huu ulikwisha siku ile kituoni. Alipoona habembelezeki mtu, akasema la moyoni: jina lake ndilo lililoandikwa kama mdhamini, na meneja hatamtofautisha mwongo na aliyemleta mwongo.

"Sote tumo kwenye sare yako, shemeji," alisema. "Ukiivua, tunabaki uchi wengi."

*

Hafla ilifanyika katika ukumbi wa chakula. Meza zilisogezwa ukutani, wapakizi wakasimama nyuma na glavu zao zikining'inia mifukoni, watu wa ofisini wakapewa viti. Kwenye kona, mahali palipokuwa na meza ya chupa, sasa kulikuwa na mashine ya kutoa chai kwa kubonyeza. Mke wa Kamanda alialikwa akakaa mstari wa mbele na gauni lake la kitenge. Kaka yake alisimama mlangoni, mahali pa dereva.

Meneja alizungumza vizuri. Alisema kwamba zamani watu walidhani ulinzi ni kufuli na ukuta, kumbe ulinzi ni watu. Mali hununuliwa, uhai haununuliwi. Alisema bima italipa betri zote, lakini hakuna bima ambayo ingemrudisha mwenzetu. Hakumtaja mwenzetu huyo ni nani wala yuko wapi. Halafu akamwita Kamanda, akampa hati iliyotiwa fremu, mpiga picha akawaomba waishike wote wawili, watu wakapiga makofi.

Akaambiwa aseme neno.

Kamanda alishika kipaza sauti karibu mno, kikalia. Akakisogeza. Alianza kwa kushukuru, kama alivyofundishwa, na shemeji kule mlangoni akashusha mabega.

"Lakini hii si yangu," Kamanda alisema. "Mimi siku ile sikumwokoa mtu. Niliganda. Kitufe kilikuwa hapa na mkono wangu ulikuwa hapa, na sikukibonyeza, kwa woga tu, si kwa ajili ya mtu. Aliyeniingiza katika chumba cha jenereta ni mama wa chai. Alinivuta kwa mkanda. Asingenivuta mngekuwa mmenizika. Nimewaambia polisi uongo, na mkaguzi, na ninyi. Na yeye mmemfukuza kwa uongo wangu."

Mpakizi mmoja alicheka nyuma, aliposikia habari ya mkanda, kisha akaona anacheka peke yake. Kamanda alitafuta pa kuiweka ile hati, meza zote zilikuwa mbali, akaiegemeza kwenye mguu wa kiti cha meneja. Meneja alichukua kipaza sauti, akasema kwamba mengine yatazungumzwa ofisini, na akawakaribisha watu kwenye vinywaji.

Ofisini hayakuchukua muda. Msimamizi kutoka kampuni ya ulinzi alisema kuogopa kungesameheka, pengine, kungeonywa. Lakini kuudanganya uchunguzi ni kosa la kufukuzwa. Sare ni mali ya kampuni, akaiomba palepale. Kamanda aliuliza kama anaweza kuirudisha kesho. Msimamizi akasema utaratibu ni utaratibu. Akavua shati na suruali nyuma ya kabati la mafaili, huku katibu akigeukia dirisha, na mpakizi yule aliyecheka ndiye aliyemletea ovaroli kuukuu yenye madoa ya grisi, fupi mikono na miguu. Akampa bila neno.

Mkewe alikuwa akimngoja nje ya geti. Walitembea. Gari la meneja liliwapita, shemeji akiwa kwenye usukani, macho mbele. Hakupiga honi.

"Umeona nilivyotetemeka?" Kamanda aliuliza walipofika mbali.

"Nimeona."

"Ilikuwa kama siku ile."

"Lakini umesema," mkewe alisema, na akamshika kiwiko mahali ovaroli ilipoishia.

*

Binti aliambiwa na baba yake mwenyewe, jioni ileile, kabla mtaa haujamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, ikiwa yote ni uongo au kipande kipo cha kweli. Baba akasema cha kweli ni kwamba mtu aliokolewa. Msichana alikusanya madaftari yake akaenda chumba cha ndani, na kwa siku kadhaa alimpita baba yake kama mtu anavyopita ngazi iliyoegemezwa ukutani, kwa uangalifu, asiiguse. Shuleni hakusema kitu. Wala baba hakumwuliza.

Mambo hayakwisha vibaya kwa wote, wala vizuri kwa yeyote. Shemeji aliondolewa kwenye gari la meneja akapewa lori la mizigo, na akaacha kufika nyumbani kwao. Alituma salamu kwa watu, salamu fupi. Polisi waliwapata wezi wawili, betri hazikupatikana. Mkaguzi wa bima alirudi akiwa amekasirika kwa sababu taarifa yake ilikuwa imeharibika, akataka kumhoji mama wa chai upya, na meneja akaona si vizuri shahidi wa kampuni ahojiwe akiwa ameshafukuzwa na kampuni. Akaitwa arudi. Mashine ya chai ikabaki, akapewa kazi ya kuisafisha na kuosha vikombe. Walifunga kamera mpya tatu, moja ikiwa inatazama jikoni. Na siku moja wafanyakazi wote, wa ofisini mpaka wa jikoni, walipangwa mstari wakapitishwa kibandani kuonyeshwa kitufe kiko wapi.

Kamanda alipata kibarua kwenye kiwanda cha mbao, kazi ya kubeba na kupanga. Hakuna aliyemwita Kamanda kule. Walimwita "mzee" au "wewe wa mbao ndefu". Alirudi na vumbi kwenye nyusi. Kwa kinyozi hakwenda tena, mkewe akawa anamnyoa mwenyewe kwa mkasi wa kushonea, na nywele zikawa ngazi ngazi.

Ilikuwa Jumapili mchana, mvua imekatika, Mama Chupa alipokuja na kitambaa chini ya kwapa. Alimwambia fundi kwamba anataka gauni la kawaida, lenye mifuko. Fundi alimsimamisha karibu na dirisha akaanza kumpima, mabega, kifua, urefu wa mkono. Walizungumza habari za bei ya vitambaa. Binti alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba cha ndani na kitabu chake. Aliijua sura ya mgeni bila kuambiwa, pengine kwa ile mikono.

Baba aliingia kutoka uani na ndoo ya maji. Alipomwona aliyesimama dirishani, aliiweka ndoo chini, maji yakamwagika kidogo. Hawakuwa wameonana tangu polisi walipogonga mlango wa chumba kile. Hakuna aliyejua aseme nini. Mama Chupa, kwa kuwa ndiye mdogo kwa umri, alikuwa tayari amefungua mdomo kuamkia, kama ilivyo ada ya watu.

Kamanda akamtangulia.

"Shikamoo," alisema.

Fundi aliacha kupima, utepe ukabaki mkononi. Mgeni alimtazama yule mwanamume ambaye angeweza kuwa kaka yake mkubwa, mwenye vumbi la mbao kichwani na nywele zilizokatwa vibaya, akatazama kama anamdhihaki, akaona hamdhihaki. Kule kizingitini msichana alikuwa amefunga kitabu, ameinuka, anamvutia mgeni kiti.

"Marahaba," Mama Chupa alisema.